Mwanao akiomba mtaji wa ukocha

BUSIA. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka barabara ya malori, upande wa Kenya, na humo kunauzwa viatu tu. Viatu vya shule viko mbele, raba katikati, na nyuma kabisa, zimefungwa kamba jozi kwa jozi, ziko njumu. Hizo njumu ndizo zinazomletea wateja kutoka upande wa pili. Walimu wa michezo wa Uganda huvuka asubuhi, huchagua jozi kumi na tano au ishirini, hubishana bei, na kabla ya saa sita wamekwisharudi kwao. Kwa hiyo mama huyu, aliyeniomba nisimtaje jina, anawajua makocha wa shule kuliko wengi wetu tunaoandika habari zao. Anajua nani hulipa taslimu na nani huacha deni mpaka shule zifunguliwe.

Ndiyo maana alikasirika aliposikia mwanawe wa pili anataka kuwa mmoja wao.

Kijana ana miaka 26 na shahada ya ualimu. Anafundisha historia na Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, akilipwa na bodi ya shule huku akisubiri ajira ya serikali kama maelfu ya wenzake. Jioni anafundisha soka timu ya wasichana, kazi ambayo hailipwi kitu. Siku nilipopita pale alikuwa amemwomba mama yake fedha zilizotengwa kwa ajili ya robota moja la viatu, ili aende kusoma kozi ya kwanza ya ukocha, ile ya leseni D ya CAF. Mama alinigeukia mimi, kwa kuwa ni mtu wa magazeti na huenda nimeona mengi, akaniuliza kama hiyo ni kazi au ni mchezo tu.

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia nitarudi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza walimu, makocha na wazazi kila ninapopita mpakani.

Jibu la kwanza nililolipata ni kwamba karibu hakuna anayeanza ukocha wa shule akiwa ameajiriwa kuwa kocha. Anaanza akiwa mwalimu wa somo fulani, au mchezaji aliyeumia goti, au mhitimu asiye na kazi anayekaa jirani na shule. Siku moja mwalimu wa michezo anahamishwa, timu inabaki yatima, na mtu huyu anaambiwa ashike filimbi kwa muda. Muda huo ukiongezeka, ndiyo inakuwa kazi.

Mfano unaojulikana kuliko yote katika ukanda wetu uko Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1976 bruda mmoja wa Kikatoliki kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika katika shule ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha na hakuwa na cheti chochote cha ukocha. Alikuta mwalimu mwenzake, Mwingereza Peter Foster, akisimamia wakimbiaji wa shule, akaanza kumsaidia. Foster alipoondoka, O'Connell akabaki na timu. Alikuwa amekuja kwa muda mfupi, na akakaa miaka mingi kuliko aliyoishi kwao.

Mwaka 1988 mmoja wa wanafunzi waliopita shuleni hapo, Peter Rono, alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Wilson Kipketer, aliyesoma hapo hapo kabla ya kuhamia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13 mpaka David Rudisha, kijana aliyenolewa na O'Connell huyo huyo, alipoivunja mwaka 2010 na kisha kuishusha hadi dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012.

Nimekumbusha habari hii kwa sababu ya namna mtu yule alivyojifunza. Alipokosa maarifa, aliangalia. Aliwatazama watoto wakikimbia, akaona nani anachoka mapema na nani anajikaza mabega, akawauliza. Alikuwa nao darasani asubuhi, uwanjani jioni, na bwenini akijua nani amepata barua mbaya kutoka nyumbani. Hayo kocha wa klabu hayapati, kwa maana klabu inamwona mchezaji saa mbili kwa siku. Tukubali pia kwamba si kila shule iko mita 2400 juu ya usawa wa bahari, wala si kila mwalimu wa jiografia atapata Rudisha. Wengi watapata timu inayotolewa hatua ya kaunti au ya wilaya kila mwaka. Anayeanza ajiandae kwa hilo kwanza.

Nilirudi Busia nikaenda kumtazama kijana akifanya kazi. Uwanja ni wa shule ya msingi ya jirani, una mteremko upande wa kaskazini na njia ya ng'ombe katikati. Wasichana walikuwa 22, mipira mitatu, na kati ya hiyo mmoja tu ndio uliokuwa na upepo wa kutosha. Hakuwa na koni. Alipanga malapa ya zamani kutengeneza vyumba vidogo, akaweka wachezaji wachache katika kila chumba, wengine wakipasiana na wengine wakitafuta mpira. Baada ya dakika chache anabadilisha. Hakuna aliyesimama kwenye foleni akisubiri zamu, na huo, kwa mtu aliyewahi kutazama mazoezi ya shule zetu, ni uamuzi mkubwa. Mazoezi mengi niliyoyaona mimi tangu nikiwa mwanafunzi ni ya kuzunguka uwanja mara kumi, kisha kupanga mstari mrefu na kupiga mpira golini mmoja mmoja.

Saa kumi na moja na nusu alipuliza filimbi ya mwisho. Wachezaji watatu wanaishi mbali, na anataka wafike kwao jua lingalipo. Nilipouliza amejuaje umbali wa kila mmoja, alinionyesha daftari. Lina jina la mchezaji, kidato, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, kijiji, majeraha aliyowahi kupata, na safu moja aliyoiandika kwa penseli inayosema kama ameshaleta nakala ya cheti cha kuzaliwa. Safu hiyo ya penseli ilikuwa na nafasi nyingi tupu.

Hapo ndipo sisi wa mpakani tunapoielewa kazi hii kuliko watu wa mbali.

Kila mwaka, shule zilizoshinda katika nchi zao hukutana kwenye michezo ya shirikisho la shule za sekondari Afrika Mashariki, FEASSSA. Mwaka 2022 ilikuwa Arusha, 2023 ikawa Huye nchini Rwanda, 2024 Mbale nchini Uganda, na 2025 Kakamega nchini Kenya. Mwaka 2020 na 2021 haikufanyika kwa sababu ya korona. Wauzaji wa Namanga, Malaba na Rusumo wanazijua basi hizo kwa nyimbo zake kabla hazijafika. Wanunuzi wa maji na ndizi wanashuka, na kwa nusu saa biashara inakuwa nzuri.

Lakini angalia dirishani upande wa pili, kwenye foleni ya uhamiaji. Aliyeshika bahasha kubwa ya kaki ni kocha. Wewe mfanyabiashara wa Kenya, Uganda au Rwanda unavuka kwenda nchi hizo kwa kitambulisho chako cha taifa. Mwanafunzi wa Kenya wa miaka 16 hana kitambulisho hicho, kwani hukipata akifikisha 18, na mwenzake wa Tanzania ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mara nyingi kocha hulazimika kumtafutia mchezaji pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, na hapo cheti cha kuzaliwa kinahitajika. Ongeza barua ya idhini ya mzazi, barua ya mkuu wa shule, orodha iliyopigwa mhuri, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pale inapodaiwa. Mtoto mmoja akikosa karatasi moja, anarudi nyumbani na timu inavuka bila golikipa.

Walimu wawili waliokwisha kupeleka timu nje waliniambia kitu kimoja kwa maneno tofauti: anayeanza kuzitafuta karatasi baada ya kushinda kitaifa amechelewa, kwa kuwa kati ya fainali na safari zinabaki siku chache. Aanze Januari, mtoto anapojiunga na timu, hata kama timu hiyo haijawahi kuvuka kata. Mfanyabiashara asiyeshangazwa na forodha ataelewa mara moja.

Cheti hicho cha kuzaliwa kina kazi nyingine, nayo ni chungu. Michezo ya shule katika nchi zetu zote imesumbuliwa na mamluki: mchezaji aliyepita umri, au asiye mwanafunzi, au aliyesajiliwa wiki moja kabla ya mashindano akiwa hajawahi kukaa darasani. Mkuu wa shule anataka kombe na kocha mgeni anataka kukubalika, basi kijana wa mtaani mwenye miaka 22 anavalishwa sare. Rufaa ikikatwa, shule inaondolewa na wanafunzi halali waliofanya mazoezi mwaka mzima wanapanda basi wakilia. Nimeona kocha aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini akiachwa peke yake kubeba lawama, na waliomwagiza wakikaa kimya. Kijana anayeanza na ajue kwamba amri hiyo itamfikia siku moja, tena kwa sauti ya upole.

Sasa turudi kwenye kozi iliyomgombanisha mama na mwanawe. Katika soka, leseni za Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ni ngazi. Ya chini ni D, inafuata C, kisha B na A. Kozi za ngazi za chini huendeshwa na mashirikisho ya kila nchi, TFF Tanzania, FUFA Uganda, FERWAFA Rwanda na hivyo hivyo, na anayeisoma analipa ada. Huruki ngazi. Riadha nayo ina kozi za ngazi ya kwanza za shirikisho la dunia, voliboli na mpira wa kikapu vivyo hivyo. Raga ni rahisi zaidi kuanza, kwa kuwa shirikisho lake la dunia limeweka masomo ya awali ya usalama wa mchezaji kwenye intaneti bila malipo, na mtu mwenye simu na bando anaweza kuyamaliza jioni chache. Tanzania ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, kinachowaandaa walimu wa michezo kwa muda mrefu kuliko kozi za siku chache.

Kuna jambo hapa ambalo nadhani wasomaji wetu hawajaambiwa vya kutosha. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza rasmi Julai 2010, na kwa msingi wake wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamesaini makubaliano ya kutambuana vyeti kati ya nchi wanachama. Makocha hawamo. Kijana wa Busia akitaka kufundisha Tororo, cheti chake cha mafunzo mafupi ya kaunti hakimsaidii kitu. Leseni ya CAF inamsaidia, kwa sababu ya bara zima ni moja na shirikisho la Uganda linaijua kama linavyoijua la kwake. Kibali cha kazi bado atakihitaji. Lakini kwa mtu wa mpakani ambaye soko lake liko pande mbili, karatasi inayosomeka kote ina thamani zaidi ya ile inayosomeka upande mmoja. Nilipomweleza mama hivyo, kwa mara ya kwanza alinyamaza akafikiri.

Kisha akauliza mshahara.

Hapa lazima niseme wazi. Katika shule za umma za Kenya, mwalimu aliyeajiriwa na tume haongezewi mshahara kwa sababu anafundisha timu. Fedha za michezo zimo ndani ya mgawo wa serikali kwa kila mwanafunzi. Mgawo uliowekwa mwaka 2018 ulikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na kati ya hizo 1,500 zilikuwa za shughuli za michezo na zinazofanana nayo. Zikifika kwa kuchelewa, na mara nyingi zinachelewa, zinakwenda kwenye nauli na ada za mashindano. Kocha asiye mwalimu analipwa na bodi kwa makubaliano, msimu kwa msimu, na msimu wa soka ukiisha malipo yanaisha. Tanzania hali ni hiyo kwa sura nyingine: mwalimu wa michezo ni mwalimu kwanza, na kinachozidi ni posho wakati wa UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari. Nao wanaikumbuka miaka ya mwanzoni mwa 2000, serikali iliposimamisha michezo shuleni. Walimu waliokuwa wakijulikana mkoa mzima walibaki na chaki tu.

Uganda ndiko baadhi ya shule binafsi zimeufanya ukocha kuwa ajira kamili. St. Mary's Kitende, iliyo barabara ya Kampala kwenda Entebbe, ni mfano wa wazi. Mwenye shule, Lawrence Mulindwa, aliwahi kuwa rais wa FUFA na ndiye mwenye klabu ya Vipers, na uwanja wa klabu uko hapo hapo Kitende. Shule ya namna hiyo inaona kombe kama tangazo la biashara, kwa hiyo inamlipa anayelileta. Inampa mchezaji ada na malazi, hata kama ametoka nchi ya jirani. Lakini inayelipa vizuri ndiyo inayofukuza haraka. Ukipoteza misimu miwili, nafasi yako ina mtu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama lilikuwa kwamba kwa miaka mitatu ya kwanza, au zaidi, asitegemee ukocha umlipe mwanawe kodi ya nyumba. Kinachomweka mjini ni historia na Kiswahili. Ukocha utamweka kwenye orodha. Bodi za shule zikiwa na nafasi moja ya mwalimu wa muda na waombaji arobaini, anayeweza kushika timu anaitwa mapema. Hilo nimelisikia kwa wakuu wa shule watatu, pande zote mbili za mpaka, na hakuna aliyeona aibu kulisema.

Jambo moja mama hakuniuliza, nami nililitaja kwa sababu timu ya mwanawe ni ya wasichana. Kocha mwanamume wa timu ya wasichana ana mamlaka makubwa mno. Ndiye anayeamua nani anasafiri, nani anapata njumu, nani anapata ufadhili wa shule kubwa. Kuna wanaume wameitumia nafasi hiyo vibaya, na wazazi wa mpakani, ambao mara nyingi wako safarini siku nne za wiki, ndio wa mwisho kujua. Kijana mwema anajilinda na anawalinda watoto kwa taratibu za wazi tangu siku ya kwanza: mwalimu wa kike anasafiri na timu kila mara, kocha haingii vyumba vya kulala, hapigi simu ya mchezaji usiku, mazoezi ya mtu mmoja hayafanyiki faragha, na mzazi ana namba ya mwalimu wa pili. Kama mwanao kocha anaona taratibu hizo ni kumdharau, mshauri afundishe wavulana, au auze viatu.

Mama alicheka hapo, kisha akamwita kijana aje ayasikie mwenyewe. Akaja, akasimama mlangoni kwa adabu, mikono nyuma. Alisema mwalimu wa kike anao, ndiye mwalimu wa hesabu, ila nauli yake shule haijawahi kuilipa. Safari mbili zilizopita aliilipa yeye kutoka mfukoni.

Mama hakuwa analijua hilo. Alimtazama kwa muda, akamwuliza ni kiasi gani, akatajiwa, akatikisa kichwa.

Fedha za robota hakuzitoa zote. Alisema mwezi wa Agosti ndio wa mauzo, na akikosa mzigo Agosti, Januari wadogo zake hawatakwenda shule. Alichofanya ni kufungua daftari lake la madeni, lile lenye majina ya makocha wa Uganda, akageuza ukurasa mpya na kuandika jina la mwanawe juu. Chini yake akaandika nusu ya ada ya kozi. Chini ya hiyo akaandika njumu jozi kumi na moja, kwa bei ya jumla. Tarehe ya kulipa aliiacha wazi, kitu ambacho, nikitazama kurasa zilizotangulia, hakuna kocha mwingine aliyewahi kufanyiwa.

Nusu nyingine kijana ataitafuta mwenyewe. Nilipoondoka walikuwa wanachagua njumu, yeye akisoma namba za miguu kutoka kwenye daftari lake la timu na mama akizitoa kwenye kamba. Namba 37 zilikuwa zimekwisha. Mama alisema zitakuja na mzigo wa Alhamisi.